Karatasi tutazibeba sisi, wafanyakazi ni wenu: shajara ya ofisi ya pamoja ya utumishi kwa makandarasi wa viyoyozi, Dar es Salaam

Januari 2024

Makandarasi sita wamesaini makubaliano ya awali. Wote wanaishi kwa kazi moja: kufunga, kuosha na kutengeneza viyoyozi, na wawili kati yao wanahudumia pia vyumba baridi vya samaki na nyama. Mkubwa wao ana wafanyakazi 9 kwenye orodha ya mishahara, mdogo ana 4. Jumla ya wote ni 41. Hakuna kampuni hata moja yenye afisa utumishi. Kazi hiyo anaifanya mwenye kampuni usiku akishatoka saiti, au mke wake, au mhasibu wa kukodi anayepita mwisho wa mwezi akiwa na vitabu vya wateja wengine kwapani.

Mradi wetu ni kuanzisha ofisi moja ndogo itakayoshika kazi hiyo kwa kampuni zote sita: mikataba ya ajira, hesabu za mishahara, michango ya NSSF, michango ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), kodi ya mishahara TRA, kumbukumbu za likizo na za usalama kazini. Baadaye, tukifika, bima ya afya.

Niliogopa kuanza sasa kwa sababu Desemba hadi Machi ndiyo msimu wao. Simu zinaita kabla ya alfajiri, kila ofisi ya Posta na kila nyumba ya Masaki inataka fundi leo. Mkandarasi wa Tabata ndiye aliyenitoa wasiwasi. "Binti yangu," alisema, "ukija Julai utanikuta nina nafasi ya kukaa na wewe, lakini vijana nusu utakuta wameshaondoka. Njoo sasa uwaone wote." Ana haki. Ukitaka kujua kampuni ya AC ina watu wangapi, ihesabu wakati wa joto.

Februari, kuhesabu

Orodha za mishahara zinasema 41. Saiti zinasema vingine. Tumezunguka kwenye kazi zenyewe, si ofisini, na tumekuta vijana 17 ambao hawamo kwenye orodha yoyote: wanaobeba mashine ngazini, wanaoshika ngazi, wanaochimba ukuta kupitisha bomba la shaba, wanaoosha filta. Mafundi wanawaita deiwaka. Wenye kampuni wanawaita vibarua.

Sheria haiangalii wanaitwaje. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema mtu akimfanyia mwingine kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu iliyopita, anachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Saa 45 kwa mwezi, kwa siku ya saa 9, ni siku 5 tu. Kijana anayeitwa mara mbili kwa wiki tangu Novemba ameshapita hapo zamani. Kati ya wale 17, wenye sifa hiyo ni 11.

Nilipowapelekea hesabu hii, mmoja aliniambia, "Dada, huyo namlipa jioni, tunaagana, kesho simjui." Namwelewa, analipa kwa siku kwa sababu na yeye analipwa kwa kazi. Lakini kijana huyo huyo amekuwa akishika ngazi yake tangu msimu uanze, na fundi mkuu anamjua kwa jina, kwao na namba ya mama yake. Siku akianguka, haitasaidia kusema hatumjui.

Kwa hiyo tunahesabu watu 52, si 41. Wenye kampuni watano wamekubali. Wa sita, yule mwenye 9, ameomba muda. Sababu yake naijua na nitaiandika ikifika zamu yake.

Februari, mwishoni: tunachukua nini na tunaacha nini

Wazo la makandarasi wadogo wa joto na baridi kukabidhi utumishi kwa ofisi ya nje limekomaa sana Marekani. Kule kuna kampuni za uajiri wa pamoja: mkandarasi anabaki kuwa bosi wa kazi, lakini kwenye karatasi za kodi na bima kampuni hiyo inasimama kama mwajiri mwenza. Watu wanane wa kampuni moja wanaingia kwenye kundi la maelfu, na kundi kubwa linapata bima ya afya kwa bei ambayo wanane peke yao wasingeiona. Kule bima ya afya ya watu wengi inapitia kwa mwajiri, na sheria inailazimisha kampuni kuanzia wafanyakazi 50 wa muda wote. Aliye chini ya hapo anajitafutia mwenyewe, huku akigombania mafundi na kampuni kubwa zinazotoa bima. Mwaka 2014 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoiwezesha mamlaka ya kodi kuzithibitisha rasmi kampuni za aina hiyo.

Mwaka huo huo wa 2014 Tanzania ilikwenda upande mwingine kabisa. Kanuni za mawakala binafsi wa ajira zilizotolewa mwaka huo chini ya Sheria ya Huduma za Ajira zilimwondoa wakala kwenye uajiri: kazi yake ni kumkutanisha mtafuta kazi na mwajiri, si kumwajiri yeye kisha kumpangisha kwa kampuni nyingine. Hatua ile ilitokana na malalamiko ya miaka mingi kwamba mawakala walikuwa wanakata sehemu ya mshahara, na mfanyakazi akidai haki anazungushwa, wakala anamwelekeza kwa kampuni, kampuni inamrudisha kwa wakala.

Mimi nakubaliana na kanuni hizo. Nimeona mikataba ya zamani ya namna ile, na mfanyakazi alikuwa hana wa kumshika.

Basi hapa hatuchukui wafanyakazi. Tunachukua karatasi. Mkataba wa ajira utasainiwa na mkandarasi, namba ya mwajiri NSSF ni yake, namba ya WCF ni yake, na mgogoro ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi atakayeitwa ni yeye. Sisi tutaandaa, tutahesabu, tutakumbusha, tutatunza. Nimeiandika sentensi hiyo juu kabisa ya mkataba wetu wa huduma, na nimeomba kila mwenye kampuni aisome kwa sauti kabla ya kusaini, kwa sababu wawili walikuwa wameshaanza kuzungumza kana kwamba wametuuzia matatizo yao.

Kuna sababu nyingine, ya hesabu tupu. Tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 10. Zamani kizingiti kilikuwa 4; kilipandishwa ili kuwanusuru wadogo, na mwaka 2023 kiwango kikashushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Tungewaweka watu wote 52 chini ya mwajiri mmoja, mishahara yote ingeangukia kwenye tozo, hata ya yule mwenye watu 4. Wenzetu wa Marekani wanaunganisha uajiri wapate unafuu. Kwetu tukiunganisha uajiri tunajitafutia gharama, lakini kuunganisha dawati kunapunguza.

Machi

Mikataba. Huu ndio mwezi uliokula nguvu nyingi kuliko yote.

Kampuni tatu zilikuwa na mkataba wa karatasi moja ulionakiliwa kutoka kampuni ya ulinzi, wenye kifungu kuhusu silaha. Moja ilikuwa na barua tu. Mbili hazikuwa na kitu. Tumeandika mkataba wa Kiswahili, kwa sababu fundi anapaswa kuelewa anachosaini, wenye mambo ambayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inayataka: kazi yenyewe, mahali, tarehe ya kuanza, saa za kazi, mshahara na namna ya kuukokotoa. Mwajiri asipokuwa na maandishi haya, mgogoro ukizuka ni yeye anayebeba mzigo wa kuthibitisha, si mfanyakazi. Hilo limewashtua wengi zaidi ya faini yoyote niliyowatajia.

Wenye kampuni walitaka mikataba ya miezi minne, msimu ukiisha basi. Sheria ilivyo mwaka huu wa 2024, mkataba wa muda maalumu ni wa wataalamu na mameneja. Msaidizi wa fundi anaweza kuajiriwa bila ukomo, au kwa kazi mahususi: kufunga viyoyozi vya jengo fulani mpaka likamilike. Hii ya pili inawafaa sana kwenye miradi ya majengo, na tumeandaa kiolezo chake. Lakini kwa mikataba ya matengenezo, ambayo mteja analipa kila robo mwaka, kazi haiishi, na anayeifanya hawezi kuitwa wa kupita.

Halafu mshahara. Kila mtu hapa anazungumza mshahara wa mkononi. "Namlipa laki tano." Ukiuliza kabla au baada ya makato, kimya. Nimekaa na kila mwenye kampuni tukafanya hesabu moja kwa kalamu, na naiweka hapa kwa kuwa imefanya kazi kuliko maelezo yoyote.

Fundi mwenye mshahara wa 600,000 kabla ya makato. NSSF upande wake asilimia 10, yaani 60,000. Inabaki 540,000 ya kutozwa kodi. Sehemu ya kwanza, mpaka 270,000, haina kodi. Kutoka hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8, yaani 20,000. Hizo 20,000 zilizobaki juu ya 520,000 zinatozwa asilimia 20, yaani 4,000. Kodi yote 24,000. Anabeba 516,000. Mwajiri naye anaongeza NSSF 60,000 na WCF asilimia 0.5, yaani 3,000. Fundi huyo anaigharimu kampuni 663,000.

Msaidizi wa 300,000: NSSF yake 30,000, inabaki 270,000, ambayo haifikii kodi hata shilingi. Anabeba 270,000 yote, na mwajiri anaongeza 31,500. Basi.

Mkandarasi wa Mbezi aliitazama hesabu ya msaidizi kwa muda mrefu. Miaka yote alikuwa anaamini kumsajili kijana kutamgharimu nusu ya mshahara wake. Aliwasajili wake watatu wiki hiyo hiyo. Naamini kabisa kwamba sehemu kubwa ya watu wasiosajiliwa katika biashara hii hawakufichwa kwa ubaya; hakuna aliyewahi kukaa na mwajiri wao akamwonyesha hesabu ya mtu mmoja.

Saa za ziada bado ni mjadala. Chumba baridi kikizima usiku wa manane, samaki hawangoji asubuhi. Fundi anakwenda, anapewa "hela ya usiku" kwa kadiri ya moyo wa bosi. Sheria ni mara moja na nusu ya malipo ya kawaida ya saa, na mara mbili siku ya mapumziko au sikukuu, na saa za ziada zisizidi 50 katika kila wiki nne. Tumetengeneza daftari la zamu lenye safu ya saa ya kutoka na ya kurudi. Kampuni mbili za vyumba baridi ndizo zinazolijaza vizuri.

Aprili

Mishahara ya kwanza kupitia ofisi yetu ni ya Machi. Kodi ya mishahara inatakiwa kufika TRA kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata kupita. Mwaka huu tarehe 7 Aprili ni Jumapili, tena ni Siku ya Karume, na Idd inabisha hodi. Tuliamua kila kitu kiwe kimelipwa Ijumaa tarehe 5, na kampuni tano zilifanikiwa. Moja ilichelewa kwa sababu mteja wake hakulipa. Kodi tukailipa kutoka akiba ya mwenye kampuni, kwa ridhaa yake, naye akanung'unika.

Kuelekea Idd karibu kila fundi aliomba mkopo wa mshahara. Tumeweka fomu: kiasi, tarehe, marejesho ya kila mwezi, sahihi mbili. Hapo ndipo lilipojitokeza jambo la makato ya vifaa. Katika kampuni moja, fundi aliyepoteza mita ya gesi alikuwa anakatwa mshahara mzima mpaka ilipie. Sheria inaruhusu kukata kwa hasara iliyotokana na kosa la mfanyakazi, lakini kwa makubaliano ya maandishi, baada ya kupewa nafasi ya kujieleza, na jumla isizidi robo ya malipo yake. Nilikwenda kuzungumza na mwenye kampuni mwenyewe. Ni mtu mzima, nikamwamkia, nikakaa. Alinisikiliza, akasema, "Mwanangu, mimi nilifundishwa kazi kwa kukatwa hivyo hivyo." Nikamjibu kwamba ndiyo maana leo ana uwezo wa kuibadilisha. Amebadilisha. Fundi wake anakatwa 50,000 kwa mwezi, na mita mpya imenunuliwa Gerezani.

Masika imeshika kasi, mvua za mwaka huu ni nyingi kupita kawaida, na simu za AC zimepungua. Hapa ndipo vibarua wangeachwa. Wale 8 waliokwisha kuandikishwa wamebaki, na kampuni zimeanza kuwatumia likizo za mwaka: siku 28 mfululizo kwa mwaka wa likizo, ambazo hazijawahi kutolewa kwa mpangilio. Kutoa likizo wakati wa mvua, si wakati wa joto, ni jambo dogo lililowafurahisha wote, bosi na fundi.

Mei

Wiki ya kimbunga Hidaya ilipita salama kwetu. Ajali imekuja baadaye, siku ya jua, kwenye kazi ya kawaida.

Msaidizi mmoja alikuwa anashusha mashine ya nje kutoka ukutani, ngazi ikateleza, akaanguka na kuvunjika mguu. Ni mmoja wa wale tuliowaandikisha Machi. Kabla ya Machi jina lake halikuwa mahali popote.

Naandika tulichofanya kwa utaratibu, maana kampuni nyingine zitahitaji. Fundi mkuu alimpeleka hospitali na kunipigia simu papo hapo. Mwajiri ana siku 7 za kutoa taarifa ya ajali kwa WCF. Sisi tuliitoa siku ya tatu. Tuliambatanisha mkataba wa ajira, hati ya mshahara, daftari la mahudhurio la siku ile na maelezo ya shahidi. Hospitali ilijaza sehemu yake. Nyaraka zote zilikuwapo, kwenye faili moja, kwa sababu mtu mmoja kazi yake ni kuzitunza.

Mfuko huo ulianza kazi mwaka 2015, chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, na mafundi wengi bado hawaujui. Mchango ni wa mwajiri peke yake. Hairuhusiwi kumkata mfanyakazi hata senti. Unalipia matibabu, unalipa asilimia 70 ya mshahara wakati mtu hawezi kufanya kazi kwa muda, hadi miezi 24, na una malipo ya ulemavu wa kudumu, utengamao, mazishi na wategemezi. Kwa kijana wetu asilimia 70 ya 300,000 ni 210,000. Mwajiri wake ameamua kumwongezea 90,000 kila mwezi mpaka arudi. Hakulazimishwa na mtu.

Mchango wa mwajiri kwa kijana huyu ni 1,500 kwa mwezi. Sitaki mtu yeyote katika biashara hii aniambie tena kwamba hana uwezo wa kuwaandikisha vibarua wake.

Tulichokosa ni kinga kabla ya fidia. Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 kampuni zote zinapaswa kusajili sehemu zao za kazi OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, na kuwapima afya wafanyakazi wanapoanza, wanapoendelea na wanapoondoka. Mbili tu ndizo zilizokuwa zimefanya hivyo. Tumeanza na zile nne. Tumepanga pia mafunzo ya pamoja ya kufanya kazi juu ya ngazi na paa, na ya gesi mpya za kupozea. R32 inashika moto kwa namna ambayo R22 waliyoizoea haishiki, na R290 ni propani kabisa. R22 inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal, kwa hiyo kila mwaka mafundi wataigusa kidogo na kuzigusa hizi nyingine zaidi, huku wakichomelea bomba pembeni. Kampuni moja haiwezi kumwita mkufunzi kwa watu wake 7. Sita zinaweza.

Juni

Bima ya afya. Mwezi jana nilidhani tungeiacha mpaka mwakani, lakini ajali imewafanya wenyewe waulize.

Kila kampuni ilikuwa imewahi kujaribu peke yake. Jibu lilikuwa moja ya mawili: kundi ni dogo mno, au bei ni hii hapa, na bei yenyewe inamfukuza mtu. Sasa tumekwenda tukiwa 49 (yule mkubwa bado anashikilia kwamba watu wake ni 9 tu), tukiwa na umri, jinsia na wategemezi wa kila mmoja kwenye jedwali safi, kupitia dalali mwenye leseni ya TIRA, mamlaka ya bima. Kampuni tatu za bima zimetoa bei. Mpangilio tuliopendekeza ni kwamba kila mkandarasi asaini mkataba wake na kulipia watu wake, ila bei ikokotolewe kwa kundi zima. Mmoja wa watoa bima amekubali mpangilio huo kwa maandishi.

Mafundi wameuliza maswali mazuri kuliko wenye kampuni. Mke yumo? Watoto wangapi? Mama je? Nikihama kampuni kadi inakufa siku gani? Swali la mwisho ndilo zito, kwa sababu mafundi wa AC wanahama sana. Tumeomba kadi iendelee bila kusubiri upya endapo fundi atahamia kampuni nyingine ndani ya kundi letu. Bado tunajadiliana.

Tumepima pia njia ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ambako mchango wa waajiriwa ni asilimia 6 ya mshahara, nusu kwa nusu, na unamhudumia mwanachama, mwenza na wategemezi mpaka wanne. Kwa msaidizi wa 300,000 hiyo ni 18,000 kwa familia nzima, nusu akilipa mwajiri, na kwa wenye mishahara midogo na watoto wengi ndiyo njia ninayoipendelea. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imeshapita tangu mwaka jana, na sitaki tujenge kitu kitakachobomolewa utekelezaji wake ukianza.

Mwisho wa mwezi maduka ya Kariakoo yalifungwa kwa mgomo wa wafanyabiashara. Kapasita hakuna, bomba hakuna, gesi hakuna. Mafundi walikaa. Waliokuwa na mikataba ya mwezi walilipwa siku hizo kama kawaida. Hilo halikuhitaji kikao.

Julai

Zamu ya yule mwenye 9.

Ana vijana watatu wanaotimiza sharti la kifungu cha 61. Akiwaandika anakuwa na 12, na SDL inaanza. Mishahara yao wote ni kama 5,400,000 kwa mwezi, asilimia 3.5 yake ni 189,000. Si hela ndogo, na mlango huu ni wa ghafla: mtu wa kumi hamleti mzigo wake tu, anaufungulia mzigo wa wale tisa wote. Natamani kingekuwa kizingiti cha taratibu, ambapo tozo inaanza kwa mishahara ya waliozidi tisa. Nimeshaona kampuni zinazokwama kwenye tisa kwa makusudi, zikikataa kazi kubwa.

Hata hivyo nilimwambia kaka huyu wazi kwamba hatutaendelea kumwandalia hesabu zenye watu 9 huku tukijua ni 12. Jina letu limo kwenye hizo hesabu. Tulikaa na mikataba yake ya matengenezo: ana wateja 31 wanaolipa kila robo mwaka. Kwa miezi mitatu tozo ni 567,000, ukigawa kwa wateja hao ni kama 18,300 kwa kila mmoja kwa robo. Mteja mwenye viyoyozi kumi hataiona. Pia meneja wa jengo moja analolihudumia alikuwa ameshaanza kudai orodha ya walioandikishwa WCF kabla ya kuwaruhusu kupanda paa. Amekubali. Tumewaandikisha wote watatu, na sasa tuko 52 kweli.

Agosti

Ofisi moja kuona mishahara ya kampuni sita zinazoshindana imekuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Kila mwenye kampuni, kwa njia yake ya upole, ameshaniuliza jirani analipa fundi wake kiasi gani. Jibu ni moja kwa wote: sisemi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatufanya sisi kuwa wachakataji na wao kuwa wakusanyaji wa taarifa za watu wao. Tumeandika mkataba wa uchakataji na kila kampuni, na faili zimetenganishwa.

Zaidi ya hilo, mmoja alileta pendekezo kwamba wote sita wakubaliane kutochukuana mafundi. Alidhani ni jambo la kuimarisha umoja. Nimelikataa kikaoni na nitaendelea kulikataa. Fundi aliyesoma VETA miaka kadhaa, akakaa juani miaka mingine, silaha yake pekee ya kuongezewa mshahara ni uwezo wa kuondoka. Ofisi hii ikigeuka uzio wa kumzuia, basi tumerudisha kile ambacho kanuni za 2014 zilikiondoa.

Ada tumeiweka 18,000 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, sawa kwa kampuni kubwa na ndogo. Kwa watu 52 ni 936,000: inalipa karani mmoja wa muda wote, intaneti, uchapaji, na sehemu ya muda wangu. Haikatwi kwa mfanyakazi, na mkataba unasema hivyo.

Kijana aliyevunjika mguu ameanza kutembea bila gongo. Mkataba wa bima utasainiwa Septemba endapo kifungu cha kuhama kitakubaliwa. Kinachotuchelewesha ni vyeti vya kuzaliwa vya watoto, ambavyo familia nyingi zimeviacha mkoani.

Kampuni ya saba, ya Kigamboni, imeomba kuingia. Wanasema wana watu 6. Tumewatumia fomu ya kuhesabu watu, yenye safu ya deiwaka mwanzoni kabisa, na karani atakwenda kuijaza nao saiti wiki ijayo. Bei tutaizungumza baada ya hapo.